NDIVA, MSARAGAMBO NA MBIRU: NANI ANA HAKI YA KUSEMA UPARENI?

Kuna dogo mmoja, mzaliwa wa Same mjini kabisa, aliniuliza juzi ndiva ni kitu gani. Sikumcheka ila niliumia kidogo. Amekulia chini ya mlima, anakula mboga na ndizi zinazoshuka kutoka huko juu, halafu neno lenyewe hajawahi kulisikia. Nikamwambia subiri, nitaandika. Haya, nimeandika. Ila nilipoanza kueleza nikagundua kwamba ndiva haielezeki kama shimo la maji peke yake. Lazima ueleze na maneno yanayosemwa pembeni yake, nani anayasema na nani haruhusiwi. Kwa hiyo makala imekuwa ndefu, mnivumilie. Wapare wenzangu mtanisahihisha.

Kwanza mahali penyewe. Anayepita barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, akichungulia dirishani anaona Hedaru, Makanya, kisha Same: vumbi, mkonge, miti ya miiba na upepo usiokwisha. Anadhani hiyo ndiyo Upare. Kumbe nyuma ya ile milima anayoiona kwa mbali kuna Vudee, Chome, Suji, Mbaga, Mamba, na kilele cha Shengena chenye karibu mita 2,460, kuna msitu na baridi ya kuvaa sweta mchana. Mvua inanyesha huko juu. Huku chini tunapata mabaki, kwa mwaka mzima mara nyingi hazifiki milimita 600. Na siyo kwamba ni chache tu, zinakuja vibaya. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, sasa unaweza kupata mvua kubwa siku nne mfululizo, ukapanda kwa furaha, halafu jua likawaka wiki tatu wakati mahindi ndiyo yanatoa mbelewele. Hapo umekwisha.

Ndiva ndiyo jibu la wazee kwa tatizo hilo. Ni bwawa dogo la udongo na mawe lililochimbwa kwenye mteremko, maji yanaletwa kwa mfereji kutoka kwenye kijito au chemchemi. Jioni mnaziba tundu la kutokea, maji yanajaa usiku kucha wakati watu wamelala. Asubuhi mnafungua, yanashuka kwa nguvu mpaka shambani. Zinatofautiana sana kwa ukubwa, kuna za mita za ujazo mia mbili hivi na kuna zinazozidi elfu moja.

Mtu wa mjini atauliza, kwa nini msiache maji yatiririke tu moja kwa moja mpaka shambani? Tupige hesabu kidogo, wale mliokimbia hesabu shuleni msikimbie hapa. Chukua kijito kinachotoa lita 5 kwa sekunde. Ukikiacha kitembee kwenye mfereji mkavu wa udongo kwa kilomita mbili, maji mengi yananyweka njiani, shambani inafika tope. Lakini ukiyakusanya kwa saa 12 za usiku unapata lita 216,000, yaani mita za ujazo 216. Ukiyafungua kwa mkupuo mmoja yanakimbia, hayapati muda wa kunyweka. Sasa yatosha shamba gani? Ukitaka maji yaingie ardhini kiasi cha sentimita 5, hizo mita 216 zinamwagilia kama ekari moja. Moja tu! Usiku mzima wa kujaza, ekari moja. Na kwenye ndiva hiyohiyo wanasubiri watu hamsini au sitini.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Kama kila mtu ana hamu ya maji leo na yanamtosha mmoja, lazima kuwe na zamu, na zamu haipangwi bila kuongea. Nani mahindi yake yameshakunja majani? Nani alipata wiki iliyopita? Nani amepanda maharage ambayo yanaweza kungoja siku tatu zaidi? Hayo mambo hayako kwenye daftari la ofisa yeyote. Yako kwenye vichwa vya watu waliopita mashambani asubuhi wakaona kwa macho yao. Ukidanganya kwamba shamba lako linakufa, kuna jirani alipita jana.

Zamani ndiva zilikuwa za koo. Ukoo uliochimba ndio ulioshika, na mkubwa wao alisimamia zamu pamoja na mambo ya matambiko. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Michael Sheridan, aliyefanya utafiti Upare ya Kaskazini, aliandika mwaka 2002 kwamba kwa wazee wa zamani banio la mfereji lilifananishwa na tumbo la uzazi la mwanamke. Sitaingia sana huko, ila shikeni hiyo picha, nitairudia.

Kazi ya kuchimba na kusafisha ni msaragambo. Neno hili nadhani wengi mnalijua, hata Wachaga wanalitumia siku hizi: watu wanaitwa, kila kaya inatoa mtu, mnafanya kazi ya wote pamoja bila malipo. Barabara nyingi za mlimani na madarasa mengi ya shule vilianza hivyo. Kwenye ndiva msaragambo mkubwa ni kutoa tope, maana kila mvua inaleta udongo kutoka juu, usipoutoa bwawa linageuka shamba. Asiyetokea anatozwa faini au zamu yake inasogezwa nyuma.

Nimekwenda kwenye msaragambo mara nyingi nikiwa kijana, na kwa kweli ukiniuliza nilijifunza wapi mambo ya maisha, nitasema pale kabla sijasema darasani. Watu wako matopeni mpaka magotini, mikono inafanya kazi, midomo iko huru. Hapo ndipo utasikia mbegu gani ilioza mwaka huu na ipi ilisimama. Utasikia bei ya tangawizi huko Mamba Miamba kabla mnunuzi hajaja kukudanganya. Utasikia nani ng'ombe wake amekataa kula na jirani alimpa nini akapona, na mwingine atabisha hapohapo kwamba ng'ombe angepona tu hata bila dawa hiyo. Ubishi ndio raha yenyewe. Mtu hawezi kusema uongo mkubwa kwa sababu wanaomsikiliza ni walewale wanaomwona kila siku.

Na kuna sheria moja isiyoandikwa: aliyeshika jembe ndiye mwenye neno. Mkimaliza mnakaa ukingoni, mnapanga zamu, mnapanga faini. Hujachimba? Unaweza kukaa, hakuna atakayekufukuza, ila ukifungua mdomo watu watakuangalia tu mpaka ujikute umenyamaza mwenyewe. Niliipenda sana hiyo sheria. Haijali pesa wala cheti. Mwalimu na asiyejua kusoma wote wana jembe.

Niliipenda mpaka ilipotuponza.

Mwaka mmoja, kwenye ndiva moja ya upande wa kwetu, tulijikuta vijana watupu kwenye msaragambo. Wazee walikuwa wamechoka, na sisi tulikuwa na nguvu na sifa. Tukachimba tope lote. Tukaendelea, maana tuliona tukiongeza kina tutaongeza maji, si ndiyo hesabu? Tukafika kwenye udongo mwingine wa rangi ya jivu, mgumu, unanata kwenye jembe. Tukautoa na huo. Jioni tukaziba, tukaondoka tunaimba. Asubuhi tulikuta robo ya maji. Kesho yake hivyohivyo. Ndiva ilikuwa inavuja chini kama chujio.

Kulikuwa na mzee jirani yetu, wakati huo hawezi hata kunyanyuka bila fimbo. Alipopata habari aliomba aletwe. Akaangalia, akasema, "Wanangu, huo wa jivu ndiyo sufuria. Sisi na baba zetu tuliukanyaga kwa miguu na ng'ombe ili maji yasipite. Nyie mmekula chakula mkala na sufuria." Mtu mmoja akamwuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu, "Mngeniita ningekuja. Sikuitwa, kwa sababu sichimbi."

Tulitafuta udongo wa kufinyangia, tukaubeba kwa magunia, tukaukanyaga na kuwapitisha ng'ombe humo. Ilichukua siku nyingi na mvua ya vuli ile ilikuwa imeshakatika. Nyumbani tulivuna debe mbili za maharage mahali tulipozoea magunia. Wengine hawakuvuna kabisa.

Toka hapo naiangalia ile sheria yetu kwa jicho lingine. Ni sheria ya haki, lakini inawaacha nje watu wa aina tatu, na wote wana maarifa.

Wa kwanza ni kama yule mzee. Hao angalau mtu anawakumbuka wakishaharibu.

Wa pili ni wanawake. Nimesema mshike ile picha ya tumbo la uzazi. Kwa mila za zamani wanawake waliwekwa mbali na kazi ya ndiva na banio, kulikuwa na miiko mingi. Sasa angalia mtego ulivyo: neno linapatikana kwa jembe, mwanamke haruhusiwi kuja na jembe, kwa hiyo hana neno. Lakini anayemwagilia shamba alfajiri, anayejua mfereji unapasuka wapi na maji yanachelewa kona gani, mara nyingi ni mama. Siku hizi mambo yamebadilika, wanawake wanakuja msaragambo na sehemu nyingine wamo kwenye kamati. Hata hivyo nendeni kwenye mkutano mmoja mhesabu nani anaongea. Mama yangu alikuwa akimwambia baba usiku, baba anakwenda kusema kesho yake kama wazo lake. Sote tulijua nyumbani, hakuna aliyecheka mbele ya baba.

Na msidhani wanawake wa Kipare hawana mdomo. Hapa lazima niwape habari ya mbiru, kwa sababu vijana wengi wa Same hawajui kwamba mji wao una historia kubwa hivyo. Aliyeiandika vizuri ni marehemu Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtoto wa huku huku, ambaye miaka ya 1960 alizunguka Upare akiwasikiliza wazee na kutoa kitabu cha historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969. Kijitabu chake kuhusu mbiru kilitoka 1971.

Ilikuwa hivi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya mkoloni iliamua kwamba kodi ya kiwango kimoja kwa kila mwanamume haitoshi. Ikaleta kodi ya kupima mali ya mtu: mwenye ng'ombe wengi na shamba kubwa alipe zaidi. Wakaipa jina la mbiru, neno la kimila la ushuru waliopewa watawala wa zamani, labda walidhani jina la nyumbani litailainisha. Kwenye karatasi ni kodi ya haki, hata mimi leo nikiisoma naona ina mantiki. Tajiri alipe zaidi, tatizo liko wapi? Tatizo lilikuwa nani anapima. Waliokaa na kusema fulani ana kiasi hiki ni wafumwa, yaani watawala, na watu wao wachache. Mwenye mali hakuwa na njia ya kubisha. Sasa mtu aliyezoea ukingo wa ndiva, ambapo kila neno kuhusu shamba lako linasemwa mbele yako na mbele ya jirani aliyeliona, unamwambia kwamba mali yake imeshajadiliwa na kukubaliwa bila yeye? Huo uhusiano kati ya ndiva na mbiru ni maoni yangu mimi, msimbebeshe Profesa.

Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani mpaka Same, makao makuu ya wilaya, wakaweka kambi. Hawakuja kuvunja vitu. Na hawakukataa kodi, hilo ndilo watu wengi wanalikosea: walisema wako tayari kulipa kiwango kimoja kwa wote kama zamani, ila hiyo ya kupimwa hapana. Miongoni mwa waliokuwa mbele alikuwa Paulo Kajiru Mashambo, jina ambalo kwa maoni yangu lingestahili kujulikana Same kuliko majina ya wachezaji wa Ulaya. Mgogoro ulivutana miezi na miezi. Wanawake nao wakaingia. Kule Usangi walimkabili ofisa wa serikali wakamwambia waume zetu hawakai nyumbani kwa ajili ya kodi yako, kwa hiyo ama umalize jambo hili, ama utupe mimba wewe mwenyewe! Jamani. Kufikia 1947 kodi ya mbiru ilikuwa imefutwa.

Watani zetu wanasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Tunacheka nao. Ila ukiitazama mbiru, siyo utani mtupu: kuku siyo hoja, hoja ni kwamba mtu amesema kuku si wako na wewe hukuwepo.

Wa tatu walioachwa nje ni walioko mbali, na hapa ndipo siku hizi panauma zaidi. Chukua bonde la Makanya. Juu kuna Vudee, katikati Bangalala, chini kabisa kando ya barabara kuu ndiyo Makanya. Bangalala kuna ndiva maarufu ya Manoo, iliyokarabatiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watafiti wa maji waliokaa bonde hilo miaka hiyo walieleza jambo ambalo wenyeji wanalijua: wa Vudee na wa Bangalala walikuwa na mapatano yao ya kugawana mto. Wanaweza kupandishiana, kushushiana, wanaoleana, wanazikana. Ukimnyima mwenzako maji utakutana naye msibani. Lakini ikifika Makanya, hakuna mapatano. Ni mbali, watu ni mchanganyiko, na kiangazi mto unakauka kabla haujafika. Wakulima wa Makanya wamejifunza kilimo cha mafuriko: mvua kubwa ikinyesha juu, maji yanateremka kwa kishindo kwenye korongo, wanayachepusha haraka yaingie mashambani. Yaani wanategemea yale ambayo waliopo juu wameshindwa kuyakamata. Na kila ndiva inayopanuliwa huko juu ni habari njema kwa wa juu tu. Nani wa Makanya atakwenda kukaa kwenye ukingo wa ndiva ya Vudee? Hajachimba.

Serikali ina jibu lake. Kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye ofisi Moshi, tangu 1991, na sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka watumiaji wawe na vibali na wajiunge kwenye jumuiya za watumiaji maji. Kwa jambo la bonde zima siioni njia nyingine, mkutano wa ukingoni haufiki kilomita ishirini. Lakini karatasi nayo ina aina yake ya jembe. Aliyejua kuandika barua mapema, mwenye nauli ya kwenda Moshi, mwenye mtoto aliyesoma, huyo ndiye anapata kibali kwa jina la kundi lake. Halafu siku ya ugomvi anakitoa mfukoni, na wengine wote wanashangaa maji ya babu zao yana mwenyewe.

Mwisho niseme na yangu, maana mimi naye siku hizi niko kundi la nje. Nakaa mjini. Kwenye msaragambo natuma hela, kamati inatafuta kibarua, anachimba kwa niaba yangu, zamu ya shamba la nyumbani haipotei. Mwaka juzi kukawa na hoja ya kuisakafia ndiva yetu kwa saruji. Wapo wanaosema haitavuja tena, wapo wanaosema saruji ikipata ufa hakuna ng'ombe wa kuikanyaga, itabidi ununue saruji nyingine kila mara. Nikapanda mlima siku hiyo, nina hoja zangu kichwani, nikasimama. Mwenyekiti akaniambia kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, hela yako ilifika. Kibarua wako alichimba vizuri, yule pale. Tumsikilize kwanza yeye." Watu wakacheka, nikakaa. Kijana wa watu akasimama, na alisema jambo ambalo mimi nisingelijua: upande wa juu wa ukuta kuna mzizi wa mti unaosukuma mawe, kwa hiyo saruji itapasuka ndani ya mwaka mmoja kama mti hautaondolewa. Huo mti ni wa nani? Ukaanza mjadala mwingine kabisa, mpaka giza likaingia. Saruji mpaka leo haijawekwa, na mti upo.

Sasa nauliza. Nyie wa Mamba, Chome, Suji, Mbaga, Gonja, na wa Mwanga pia, Usangi na Ugweno: kwenu asiyeweza kuchimba anasemea wapi? Kuna mahali nimesikia wazee wanawekewa viti chini ya mti siku ya msaragambo na wanahesabiwa kama wamefanya kazi, ila sijaona kwa macho. Anayejua kijiji gani, aandike hapo chini. Na mwenye kujua jina la Chasu la ule udongo wa jivu naomba anipe, yule mzee alilitaja na mimi nimelisahau.

Nawasilisha.